Saa ya Kuchuma

Karibu kila nyumba ninayoifahamu ina dawa uani. Fungu la mchaichai limeota pale maji ya bomba yanapomwagika, mshubiri umejaa kwenye ndoo iliyotoboka, kivumbasi kimejiotea ukutani bila kupandwa na mtu, na mwarobaini unatoa kivuli nyuma ya jiko. Mtu akikohoa au tumbo likimsokota, mtoto hutumwa nje, akang'oa anachokikuta, kikatiwa sufuriani, kikachemshwa mpaka maji yageuke rangi. Mimea tunayo na moto tunao. Kinachokosekana mara nyingi ni ufundi, nao ndio ninaotaka kuusifu hapa, kwa sababu nimeuona ukifanyika na ninaamini unastahili heshima ileile tunayompa seremala wa milango ya Unguja au fundi wa jahazi.

Niliuona kwa shangazi yangu, Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Bustani yake haina cha kumshangaza mpita njia: mimea ni ileile ya majirani, na eneo lenyewe ni kipande cha ardhi kati ya jiko na ua wa makuti. Tofauti iko katika wakati. Kila mmea anaujua kwa majira yake na kwa saa yake. Anajua lini upandwe, lini uachwe, jani lipi likatwe na lipi libaki, na likishakatwa likae wapi kwa muda gani. Mmea uleule, ukichumwa mchanga au ukichumwa umekomaa, alfajiri au adhuhuri, ukaanikwa juani au kivulini, unakuwa vitu viwili tofauti kikombeni. Kazi yote ya mpanda dawa imo katika kuijua tofauti hiyo na kuwa na subira ya kuifuata.

Muheza si mahali pageni kwa elimu ya namna hii. Ukipandisha barabara ya milimani unafika Amani, ambako mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo na kupanda miti ya kutoka mabara mengi. Mmoja ulikuwa ule wa Amerika Kusini ambao gome lake hutoa kwinini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Uingereza zilipofunga njia za baharini, gome lililopandwa huku ndilo lililokuwa tegemeo la jeshi la Wajerumani dhidi ya malaria, na waliosukumwa porini mbali na mitambo ya kutengeneza dawa walilichemsha wakanywa maji yake machungu hivyohivyo. Gome hilo halikuwapo kwa bahati. Mti wake haubanduliwi mpaka ukae ardhini miaka kadhaa, kwa hiyo aliyekunywa dawa ile vitani aliponywa na mtu aliyepanda kabla vita havijafikiriwa. Anayepanda dawa hupanda kwa ajili ya ugonjwa ambao haujafika.

Kwa kiwango cha uani, jambo ni hilohilo. Chukua mchaichai, mmea ambao kila mtu anadhani haumhitaji mtu. Hupandwa kwa kugawa fungu, si kwa mbegu. Shangazi hungoja mvua za masika zishike, si zile za kwanza zinazodanganya ardhi, ndipo huchimbua fungu la zamani. Vichipukizi vya katikati, vilivyochoka na kubanana, huvitupa kwenye mboji. Huchukua vya pembeni, vilivyonona na vyenye mizizi yake. Kabla ya kuvipanda huvikata majani yabaki urefu wa kiganja. Mara ya kwanza nilidhani anaharibu. Kumbe jani refu linaendelea kupoteza maji wakati mizizi bado haijashika, na mche hunyauka kwa kiu ilhali udongo umelowa. Huacha nafasi ya kutosha mtu kupita kati ya fungu na fungu, na kila baada ya miaka mitatu au minne hurudia kuligawa, maana fungu lililoachwa hujikaba lenyewe, katikati likakauka na kubaki pete ya majani membamba.

Tangawizi inadai subira zaidi. Hupandwa kwa vipande vyenye macho mawili au matatu, vilivyokatwa siku moja au mbili kabla ili kidonda kikauke, kwani kipande kibichi kikiingia kwenye udongo wenye unyevu huoza kabla ya kuchipua. Hulazwa kina cha vidole vitatu, jicho likitazama juu, mahali penye kivuli chepesi kama cha migomba, kisha hufunikwa kwa matandazo ya majani makavu. Maji yakituama imekufa, udongo ukikauka kabisa imedumaa. Baada ya hapo hakuna la kufanya ila kupalilia kwa mkono na kungoja miezi 8 hadi 10. Wengi huchimbua mapema, na hawakosi kitu: tangawizi ya miezi mitano au sita ni laini, haina nyuzi, ni nzuri kwa chai na kwa mchuzi. Ila inayotakiwa kukaushwa na kuwekwa akiba lazima isubiriwe mpaka majani yageuke manjano na kulala yenyewe. Ndipo ngozi imekomaa, na ukali umetimia.

Mwarobaini nao una haraka yake. Mti huu, uliotoka Bara Hindi na kuwa mwenyeji kila pembe ya nchi zetu, unastahimili ukame na udongo mbovu, lakini mbegu yake ina maisha mafupi sana. Ikikaa wiki chache tangu tunda lianguke hupoteza uwezo wa kuota. Anayezihifadhi mbegu kwenye bahasha akingoja msimu mwingine atazipanda bure. Shangazi huokota tunda lililoiva chini ya mti, huondoa nyama yake, husafisha mbegu, huianika kivulini kwa muda mfupi na kuipanda wiki ileile. Mbegu za kivumbasi na mrehani, kinyume chake, zinakaa vizuri, ila ni ndogo mno kiasi kwamba zikifukiwa hazina nguvu ya kupenya. Humwagwa juu ya udongo uliolainishwa, zikashindiliwa kwa kiganja, zikanyunyiziwa maji kwa vidole. Mnanaa hupandwa kwenye sufuria kuukuu iliyotobolewa chini, na sababu yake ni ya kiulinzi: ukiachwa ardhini hutambaa na kuwafukuza jirani zake wote.

Kuna jambo kuhusu udongo ambalo sikulitarajia. Ningedhani dawa nzuri hutoka kwenye ardhi iliyonona sana, kama mchicha. Lakini mimea inayonukia ikijazwa mbolea hutoa majani makubwa, mazuri kwa macho, yenye harufu hafifu. Ule ukali wa kivumbasi na mnanaa ni mafuta ambayo mmea hujitengenezea, mengine kwa ajili ya kujilinda na wadudu wanaoutafuna, na mmea uliodekezwa huelekeza nguvu zake kwenye kukua. Kwa hiyo shangazi hutia samadi iliyooza vizuri wakati wa kupanda, basi. Dawa ya wadudu haigusi bustani hiyo kamwe, kwa sababu iliyo wazi: majani hayo yataingia kwenye kikombe cha mgonjwa. Na hapandi dawa pembeni ya barabara, karibu na shimo la choo, wala pale maji ya kufulia yanapopita, maana mmea haubagui unachokunywa.

Kisha kunakuja kuchuma, na hapa ndipo fundi anapojulikana.

Kwanza ni umri. Kivumbasi na mrehani huwa na nguvu kubwa majani yakiwa yamekomaa lakini maua hayajafunguka. Ukishachanua, mmea umehamia kwenye kazi ya mbegu na jani linadhoofika. Fundi hupita kila baada ya siku chache akikwanyua vichwa vya maua vinapoanza kuchungulia, na kwa kitendo hicho kidogo huuongezea mmea miezi ya majani. Mmea mmoja tu, ulio mzuri kuliko wote, huachwa uchanue na kuzaa mbegu za mwaka ujao. Kuchagua mmea huo nako ni elimu. Wengi wetu tungeula ule mzuri na kuacha dhaifu ndio uzae. Wachumaji wa karafuu Unguja na Pemba wanaijua sheria hiihii ya umri: kikonyo hukatwa vichomozi vikiwa vimeanza kuona wekundu na kabla havijafunguka, kwani karafuu iliyochanua imepoteza thamani yake.

Nimewahi kunyoosha mkono kwenye mchaichai wa shangazi uliokuwa unavutia, majani marefu yamejipinda kwa uzito. "Bado, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Huo hata miezi minne haujafika." Aliujua umri wa kila fungu kwa kichwa.

Pili ni saa. Majani yanayonukia huchumwa asubuhi, umande ukishakauka na jua likiwa bado halijawa kali, kama kati ya saa tatu na saa nne. Kila upande wa muda huo una sababu yake. Kabla ya hapo jani limelowa, na jani lililolowa likianikwa huvunda. Baadaye joto hupanda, na mafuta yanayonukia, ambayo ni mepesi, huanza kuruka. Ndiyo harufu tamu tunayoisikia tukipita penye mimea hiyo mchana: ni dawa inayoondoka. Mvua ikinyesha usiku, kuchuma kunaahirishwa. Sijamwona shangazi akivunja kanuni hii kwa kuwa ana shughuli nyingine, isipokuwa kama mtu ni mgonjwa wakati huohuo na anahitaji jani bichi.

Tatu ni namna ya kukata. Kisu hunolewa kwanza, kwa sababu kisu butu huponda shina na kidonda kilichopondeka huoza. Mchaichai hukatwa upana wa kiganja kutoka ardhini. Ukikatwa chini zaidi unajeruhi kiini ambacho majani mapya hutokea. Kivumbasi hukatwa juu kidogo ya pacha la majani, na hapo huchipua matawi mawili badala ya moja, kwa hiyo kila mavuno yanazidisha yajayo. Mlonge, ukiachwa, unakimbilia juu mpaka majani yanahitaji ngazi. Mwenye kuujua huukata kilele ukiwa mchanga, usawa wa kifua, ukawa kichaka kinachochumika kwa mkono. Na hachukui zaidi ya theluthi ya majani ya mmea kwa mara moja. Mmea huishi kwa majani yake, na ukinyang'anywa yote hauna cha kujitengenezea mengine.

Mshubiri una heshima yake ya pekee. Huguswa majani ya nje tu, yaliyo chini na yaliyonenepa, kwenye mmea uliokwisha kutimiza miaka miwili au mitatu. Likishakatwa, jani husimamishwa kwenye bakuli, upande wa kidonda ukiwa chini, mpaka utomvu wa manjano uishe kutoka. Watu wengi hawajui kwamba jani hilo lina vitu viwili vyenye tabia mbili. Ute mweupe wa katikati ni wa kupoza ngozi iliyoungua kidogo au kuchubuka. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ndio ule uchungu tunaousema tukisema chungu kama shubiri. Ukinywewa huendesha tumbo kwa nguvu, na mjamzito hapaswi kuugusa. Anayesaga jani zima pamoja na ganda na kunywa asubuhi anakunywa vyote viwili kwa pamoja. Dakika chache za kuacha jani lijichuje ndizo zinazovitenganisha.

Sheria ya kuacha kitu nyuma ina uzito mkubwa zaidi kwa miti ya porini. Kuna mti wa milima yetu, Prunus africana, ambao gome lake lilitafutwa sana Ulaya kwa dawa ya tezi dume. Wachumaji walibandua gome kuuzunguka mti mzima, na mti uliovuliwa gome pande zote hufa, kwa kuwa chakula kinachotoka majanini hupita humo kwenda mizizini. Tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya uangalizi wa mkataba wa CITES. Kila ninapoufikiria mti huo naona thamani ya bustani ya uani. Dawa ya jani inayokatwa na kuchipua tena, iliyopandwa na mkono wako, haimnyang'anyi mtu kitu wala haimalizi msitu.

Baada ya kuchuma, watu wengi huona kazi imekwisha. Kwa kweli nusu yake ndiyo kwanza inaanza, na nusu hiyo ni kukausha. Majani hutandazwa kwenye ungo, tabaka moja, yasilaliane, na ungo huwekwa kwenye uchaga penye hewa na kivuli. Jua kali hukausha haraka, ndiyo, lakini huunguza rangi na kufukuza harufu. Kwa mlonge huharibu pia sehemu kubwa ya vitamini A ambayo ndiyo sababu ya watu kuupanda. Kwa hiyo hukaushwa kwa hewa, si kwa mwanga. Hugeuzwa asubuhi na jioni kwa vidole vilivyo wazi, bila kuponda. Mchaichai hukatwakatwa vipande vifupi kwanza, kwa maana ukikaushwa mrefu shina hubaki na maji wakati ncha imeshakuwa karatasi. Tangawizi hukatwa vipande vyembamba, nayo inavumilia jua. Manjano huchemshwa kwanza mpaka kipande kilainike, ndipo huanikwa kwa siku 10 hadi 15. Kuchemsha huko huua uhai wa jicho, husambaza rangi sawasawa ndani ya kipande na kufanya kikauke upesi zaidi.

Hapa hali ya hewa ya pwani ni mtihani. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, ungo wa majani unaweza kuwa tayari kwa siku tatu au nne. Wakati wa masika hewa yenyewe imejaa maji, na majani yanaweza kukaa wiki nzima bila kukauka, yakanuka uvundo. Fundi hapambani na hilo. Masika ni majira ya kupanda na kutumia mabichi. Akiba huwekwa wakati wa kiangazi. Tatizo la jani lililokauka nusu si ladha tu. Ukungu ukiingia unaweza kuacha sumukuvu, sumu isiyoonekana ambayo kuchemsha hakuiondoi, na inayoumiza ini. Dawa iliyovunda si dawa dhaifu. Ni kitu cha kutupwa.

Shangazi hupima kwa sikio. Hukamata jani karibu na uso, hulikunja, na kusikiliza. Likijikunja kimya, bado. Likisema kwa mlio mfupi wa kuvunjika, hulijaribu tena kwenye kikonyo, kwani kikonyo ndicho kinachokauka mwisho. Kikivunjika nacho kwa mlio, huhamishia yote kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, yakiwa mazima bila kusagwa, kwa sababu jani lililosagwa limefunguliwa milango yote na harufu yake haikai. Chupa huingia kabatini, mbali na mwanga na mbali na joto la jiko. Juu yake kuna karatasi yenye jina la mmea na mwezi wa kuchumwa. Mwaka ukipita, kilichobaki kinarudi kwenye mboji bila majuto. Karatasi ile ndogo ndiyo ninayowaonyesha wageni, kwa maana majani makavu hufanana, na nyumba isiyoandika itafika siku inywe kwa kubahatisha.

Na kikombe chenyewe kina sheria. Jani linalonukia halichemshwi. Maji yakishachemka humiminwa juu yake, chombo hufunikwa, na huachwa dakika 5 hadi 10. Kifuniko si cha kutunza joto peke yake: mafuta huondoka na mvuke, na matone yanayojikusanya chini ya kifuniko ndiyo yenye dawa, kwa hiyo hurudishwa kikombeni. Mzizi na gome, vilivyo vigumu, ndivyo huchemshwa kwa moto mdogo kwa robo saa au zaidi. Mbegu hupondwa kwanza kwenye kinu. Mpishi wa pilau hatii bizari zote kwa wakati mmoja, na anayepika dawa naye anajua kipi kinastahimili moto na kipi moto hukiua.

Anayeona hayo ni mambo madogo na amkumbuke Tu Youyou. Mwaka 1969 mtafiti huyu wa Beijing alipewa kazi ya kutafuta tiba ya malaria katika mimea iliyotajwa na vitabu vya kale vya China. Mmea mmoja, Artemisia annua, ulionyesha matumaini, kisha ukashindwa kurudia matokeo yake. Alipousoma tena mwongozo wa tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliona kwamba haukusema mmea uchemshwe. Ulisema uloweshwe majini na kukamuliwa. Akawaza kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo, na mwaka 1971 akapata dondoo lililoua vimelea vya malaria. Alitambua pia kwamba dawa ilikuwa majanini, si shinani, na kwamba majira ya kuvuna yalibadilisha wingi wake. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Jani lipi, lini, na kwa joto gani: maswali yake yalikuwa yaleyale ya mwanamke mwenye ungo uani.

Kisa hichohicho kinafundisha pia mpaka wa bustani. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutibu wala kukinga malaria kwa chai au unga wa majani ya Artemisia. Kiasi cha dawa majanini hubadilika kutoka mmea hadi mmea, hakitoshi kumaliza vimelea, na dozi pungufu huwapa vimelea nafasi ya kujifunza usugu. Mfanyakazi wa maabara anaweza kupima, kikombe hakipimi. Mpanda dawa aliye mkweli anakubali hilo bila kuona amevunjiwa heshima.

Na mimi namheshimu shangazi kwa mipaka yake kuliko hata kwa ujuzi wake. Kikohozi cha mafua hukipa tangawizi na asali, lakini mtoto asiyetimiza mwaka hampi asali kabisa, maana inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza mtoto mchanga misuli. Kichefuchefu hukipa tangawizi, na hapo tafiti nyingi za hospitali zinakubaliana naye. Mafuta ya mwarobaini hayaruhusu kuingia kinywani mwa mtoto, kwa kuwa yamewahi kuwadhuru watoto vibaya; majani makavu ya mti huo huyatia kwenye gunia la mahindi kufukuza wadudu. Mtoto akiharisha, kabla ya kufikiria jani la mpera huchanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kwa sababu kinachoua ni kupungukiwa maji. Aliyeungua humwagiwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20 kwanza, ndipo mshubiri utafutwe, na jeraha likiwa kubwa mshubiri hautafutwi. Anayetumia vidonge vya presha, sukari au vya kuyeyusha damu humwambia akamuulize daktari kabla ya kunywa manjano au tangawizi nyingi. Homa ya mtoto haina jani kwake. Ina nauli ya kwenda kupima.

Mwaka 2020, wakati wa korona, nyungu ilirudi kila mtaa wa Tanzania, na bei ya malimau na tangawizi ikapanda sokoni. Mvuke wa mchaichai na mkaratusi unafungua pua iliyoziba, na hilo ni jambo jema. Lakini wengi waliutaka ufanye kazi isiyo yake, na wengine walijiunguza kwa maji ya moto chini ya blanketi. Mimea haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kuitaka kwa pupa, siku ya hofu, bila kuijua. Elimu ya dawa haipatikani siku ya ugonjwa.

Vitabu vinasaidia. Mwanabotania John Kokwaro wa Kenya alitoa mwaka 1976 kitabu kikubwa cha mimea ya tiba ya Afrika Mashariki, na Muhimbili kumekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asilia tangu mwaka 1974. Kazi hizo zimetuhifadhia majina na matumizi ambayo yangepotea. Lakini kitabu kinaweza kukwambia mmea upi hutumika kwa ugonjwa upi; hakiwezi kukushika mkono ukasikia mlio wa kikonyo kilichokauka, wala kukuzuia kwa neno moja unapotaka kukata mapema. Sehemu hiyo ya elimu hukaa kwa watu, na hupita kwa kusimama karibu nao asubuhi nyingi.

Kwa anayetaka kuianza, ushauri wangu ni kinyume cha pupa. Usipande mimea ishirini. Masika yakishika, omba kichipukizi kimoja cha mchaichai kwa jirani anayejua lini alikipanda. Ukae nacho mwaka mzima. Kikate asubuhi moja na adhuhuri moja, unuse tofauti. Kausha kidogo juani na kidogo kivulini, uandike tarehe, ufungue chupa zote mbili baada ya miezi mitatu. Kigawe kitakapobanana na umpe mwingine sehemu, pamoja na ulichojifunza. Mtu anayeujua mmea mmoja namna hiyo ana dawa ya uhakika zaidi nyumbani mwake kuliko mwenye ua uliojaa majina.